Siku ya Kusemwa

Somoe, pamoja na wenzako mlioingia ukumbini mwaka huu na majoho ambayo bado yana mikunjo ya dukani, mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi ya udiwani. Nimestaafu, sina pa kukimbilia, basi naandika. Vyeo sitavitaja, na posho msiniulize, maana habari hizo mnazijua kunishinda. Nitaandika habari za miguu, za kipaza sauti, za tangi la maji la Nambudi, na za mwanamke mmoja wa Kimakua aliyenikejeli miaka yote ya kazi yangu mpaka nikawa mtu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Firozi, Baba Zainabu, diwani wa zamani wa kata ya Nambudi, ng'ambo ya Kitangari ukielekea ukingo wa uwanda. Ni Mhindi. Nalisema mapema ili msije mkafika katikati mkaanza kuulizana. Babu alikuja na furushi la vitambaa, baba akazaliwa Newala, nami nikazaliwa Newala hiyo hiyo, katika chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi na mapipa ya mafuta ya taa. Chimakonde nilikijua kabla ya Kigujarati cha nyumbani, jambo lililomuudhi bibi yangu hadi anaingia kaburini.

Duka lile alikuja kuliendesha mama yangu peke yake baada ya baba kufariki. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imeungwa kwa uzi mkono mmoja, na alikuwa bahili. Nasema hivyo kwa mapenzi. Kiberiti hakuuza kabla ya kukitikisa sikioni ahakikishe hakikujaa kupita kiasi. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, kisha uzi wenyewe akauzungushia vidole viwili na kuuweka tena mfukoni. Lakini uani tulikuwa na kisima cha saruji kilichovuna mvua kutoka kwenye paa letu la bati, na hapo ubahili wake ulikoma. Newala mnaijua. Kiangazi kikikaza wanawake hushuka bondeni kabla ya jogoo, na jua huwakuta njiani wakipanda mteremko na ndoo kichwani. Mwenye mtoto mchanga akipita dukani kwetu, mama alifungua kufuli la kisima na kumsukumia dumu. "Chota," alisema. Hakuuza hata kikombe kimoja. Jamaa zetu wote walipohamia Mtwara mjini na Dar es Salaam, walimwita awafuate. Aliwajibu kwa swali: "Na ufunguo wa kisima nimwachie nani?" Akaendelea kukata sabuni.

Mimi nilioa, nikafungua kiduka changu Nambudi, na baada ya miaka kadhaa nikagombea udiwani. Sikushinda kwa hotuba. Hotuba yangu kubwa ilikatwa katikati na betri za kipaza sauti, na mtu mmoja nyuma ya umati akatumia nafasi hiyo kupiga kelele, "Nhindi, ukipata utatuuzia maji kwa kikombe?" Nilitaka kumjibu, lakini watu walimnyamazisha kwa upole. "Acha hayo. Mwache mheshimiwa amalize." Nikashukuru. Sikujua bado kwamba upole ule ndio utakaonitesa. Kura zilipohesabiwa nilishinda, na aliyenipigia kampeni ni kisima cha mama.

Siku ya kwanza ya baraza nilivaa suti ya baba, iliyotunzwa na vidonge vya nondo, na jirani zangu ukumbini walikaa wakiangalia dirishani kutafuta hewa. Nilikuwa na hotuba ya kurasa kadhaa kuhusu maendeleo. Nikasimama kabla sijaitwa. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Mheshimiwa, kaa. Akidi haijatimia." Nikakaa, na mwanamke mwenye mwavuli aliyekuwa kiti cha pili akanipigapiga gotini.

"Hotuba hiyo kawasomee kuku wako," alininong'oneza. "Kesho vaa viatu vya kutembelea, nikuonyeshe kazi."

Huyo ndiye Mama Hilda. Alikuwa diwani wa viti maalumu, mwalimu mstaafu, Mmakua wa Lupaso huko Masasi, katika familia ya Kianglikana ambayo tangu babu yao abatizwe misheni imetoa walimu na makatekista kama mkorosho unavyotoa mabibo. Aliolewa Newala na Mmakonde, mumewe akafa, yeye akabaki. Alikuwa akitembea huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya puani, na mwavuli hakuuacha jua wala mvua. Kila nilichokifanya vizuri katika udiwani nilikipata nyuma ya mwavuli ule.

Alinifundisha kwamba ukifika kitongojini usimuulize mwenyekiti hali ikoje, tazama kwanza foleni ya madumu. Usikalie kiti ukiona ni kimoja tu. Kula ulichopewa, hata ming'oko ya porini iliyochemshwa jana, na sifia kabla hujameza. Mtendaji akikwambia mchakato unaendelea, jua faili limepotea, kamsaidie kulitafuta. Nilipolalamika kwamba miguu inauma, aliniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mimi hata mgongo sijaukunja.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kunifundisha. Nyinyi mmezaliwa ndani yake hamlioni. Wamakua na Wamakonde ni watani. Mama Hilda aliingia katika nyumba yoyote ya Kimakonde bila hodi, akapaza sauti, "Nyie, panya mmeshamaliza, mnangoja nini kuhama?" Na mwenye nyumba alijibu kutoka jikoni, "Tunangoja wa kwenu Masasi wanenepe!" Wakicheka mpaka machozi, ndipo maneno ya kweli yanapotoka. Kwamba mganga wa zahanati haonekani. Kwamba mabati ya shule yako juu ya nyumba ya fulani. Alitoka pale na kazi ya mwezi mzima.

Mimi nilipoingia nyumba hiyohiyo waliinuka. "Shikamoo, mheshimiwa." Habari za hapa? "Tunamshukuru Mungu." Zahanati? "Ipo, mheshimiwa." Maji? "Tunavumilia." Wakanisindikiza hadi barabarani. Nilirudi nyumbani na kuku wa zawadi na bila habari hata moja. Madiwani wenzangu waliogopa matusi. Mimi nilikuwa ninakufa kwa heshima.

Siku moja nilimwomba Mama Hilda anigawie utani kidogo. Alicheka, akaegemea mwavuli.

"Baba Zainabu, utani si kitambulisho, kwamba utajaza karatasi upewe. Unakuja wenyewe, na mara nyingi unakuja msibani."

Sasa tangi. Serikali ilileta mradi wa kusukuma maji kutoka chemchemi ya bondeni hadi juu, kata moja tu, na Nambudi tulitajwa. Mhandisi, kijana mpole wa kutoka kaskazini, alizunguka na vifaa vyake akaja na jibu moja: tangi likae juu ya kilima cha Nambudi, hakuna mahali pengine maji yatateremka kwenda vitongoji vyote. Kilima kile ni ardhi ya ukoo, ukoo wa upande wa mama kama ilivyo kwetu, na msemaji wake ni mjomba mkubwa, Mzee Likwena. Kilimani pana mikorosho yake mikongwe na makaburi ya wajomba zake.

Halmashauri ilimtumia ujumbe, kisha ujumbe mwingine, kisha mkubwa zaidi. Wote aliwakaribisha vizuri. Aliwapa korosho za kukaanga, akawasikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia." Basi. Ujumbe ukashuka kilimani umeshiba, haujui umekubaliwa au umekataliwa. Ukumbini kata nyingine zilishaanza kunong'ona. Mwenyekiti akatangaza kwamba Nambudi wasipoonyesha eneo ifikapo kikao kijacho, pampu inahamia kwingine.

Wiki ile ile jirani yangu Mama Shaibu aliteleza mteremkoni akitoka bondeni, mkono ukavunjika. Tulipomfikia alikuwa ameketi njiani kando ya ndoo iliyopinduka. Alikuwa akiililia ndoo. Mkono wala hakuutaja. Nilipanda kwa Mzee Likwena siku hiyo hiyo, peke yangu, bila mtendaji na bila barua.

Nilimkuta barazani akibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mheshimiwa. Kaa. Kula korosho."

"Mzee, leo sikuja kula. Niambie kwa nini umekataa."

"Sijakataa."

"Hujakubali."

"Hilo kweli." Akapasua korosho nyingine, akapuliza ganda. "Baba Zainabu, wewe ntu mwema. Mama yako alinpa nke wangu maji, mtoto wetu akiwa mchanga, sijasahau. Lakini nami nikuulize. Ntani wako nani?"

"Sina."

"Basi." Aliweka jiwe chini. "Hapa kwetu nkubwa akikosea, ntani wake anansimamisha njiani, anamvua kofia mbele ya watu. Wewe nwizi, wewe nvivu. Watu wanacheka, yeye anaona haya, anarekebisha. Hagombi, maana ni ntani. Wewe ukitufungia koki, nani atakuvua kofia? Sisi tutasema ndiyo mheshimiwa, tutarudi bondeni na ndoo zetu. Niweke maji ya watu wote pembeni ya wajomba zangu, ufunguo ashike ntu asiyesemeka? Hapana, mwanangu. Kula korosho."

Nilizila. Sikuwa na la kufanya lingine. Nilishuka kilima nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumwangukia, kwa sababu mzee alikuwa na haki. Nilipompitia mama dukani na kumsimulia, alitikisa kiberiti, akasema, "Mimi nakusema kila siku, lakini mama hahesabiwi."

Hayo yalikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwisho kwangu. Siku chache baadaye, kiangazi kikiwa kimekaza, alilala mchana baada ya swala na hakuamka.

Jamaa walikuja na magari kutoka Dar es Salaam na Mtwara. Duka lilifungwa mchana kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba. Uwanja mzima wa mbele ulijaa watu wa Newala na wa Nambudi, wamekaa kwenye mikeka, kimya, kwa heshima. Mzee Likwena naye alikuwepo, kofia imemkaa sawasawa. Mimi nilikaa katikati ya heshima ile nikihisi upweke ambao siwezi kuueleza. Wote walikuwa wamenijia, na hakuna aliyenigusa.

Ndipo lori lilipoingia kutoka njia ya Masasi, limefungwa matawi ya miti mbele, limejaa Wamakua wanaoimba. Aliyeshuka wa kwanza ni Mama Hilda. Hakunipa pole. Alinipita kama nguzo, akaenda hadi mlango wa duka, akaupiga kwa mpini wa mwavuli.

"Nani kasema duka limefungwa?"

Akafunguliwa, sijui na nani. Dakika chache baadaye dirisha la duka lilifunguka, na ndani yake alikaa mama yangu. Mtandio wake, miwani yake yenye uzi, kifua kimeegemea kaunta kama alivyoegemea yeye. Mmakua mmoja akaja dirishani kama mteja.

"Mama, naomba kiberiti."

Mama Hilda akakitikisa sikioni. "Cha nini? Jirani yako si ana moto?"

Watu wakaguna. Mteja wa pili akaja. "Naomba nusu mche wa sabuni."

"Nusu mche! Kwani unaoga mwili mzima?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Shangazi zangu kutoka Dar es Salaam walinishika mkono. "Firozi, watu gani hawa? Waondoe!" Nami nikainuka niwaondoe kweli, damu imenipanda kichwani, kwa kuwa maiti ya mama yangu ilikuwa chumba cha pili. Nilifika karibu na dirisha. Mama Hilda alikuwa anakata sabuni kwa uzi, na alipomaliza aliuzungushia uzi vidole viwili, taratibu, akaupiga jicho kuona kama haukupungua, akauweka mfukoni. Ilikuwa yeye hasa. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, nikicheka na kulia kwa pamoja, na kilio ambacho kilikuwa kimegoma tangu siku ile kikatoka chote.

Wateja wakaisha. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa Kimakua mwenye mtoto mgongoni na dumu tupu mkononi. Hakuomba kitu. Mama Hilda alimtazama, akafungua ufunguo uliokuwa umefundikwa kwenye pindo la mtandio, akaunyoosha nje ya dirisha.

"Chota," alisema.

Hakuna aliyecheka. Shehe alikohoa, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Kisha Mama Hilda akavua miwani, akanielekezea mwavuli nikiwa bado nimekaa vumbini.

"Na wewe, Mmakonde wa duka, unalia kama mbuzi wa sadaka! Mama yako analala Newala leo. Mtu ana makaburi Newala, kazaliwa Newala, halafu si Mmakonde, ni nini? Basi ni mtani wangu. Nitakusema barabarani, nitakusema ukumbini, nitakusema hadi kaburini, na hutanifanya kitu!"

Wamakua wakapiga vigelegele. Njiani kwenda makaburini walijilaza mbele ya jeneza, ikabidi niwabembeleze mmoja mmoja, na kila mmoja alinitupia neno kuhusu viatu vyangu, kitambi changu na mwendo wangu wa pikipiki. Yote yalikuwa kweli. Tulimzika mama vizuri.

Tuliporudi, Mzee Likwena alinijia. Alinyoosha mkono, akanivua kofia, akaigeuza ndani akaitazama kama anayekagua mzigo, akanivika tena. Kisha akamgeukia Mama Hilda.

"Huyu ntani wako. Ukinsema anasikia?"

"Asiposikia namvua na suruali."

Mzee akasema, "Basi nhandisi aje. Ila kila mwaka, korosho zikishauzwa, watani mje pale kilimani mbele ya watu wote. Nsemeni alichokosea. Naye akae kimya asikilize. Mwaka mkiacha kuja, tangi nalibomoa kwa mikono yangu."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa siku ya kusemwa, mnayoikuta leo Nambudi mkidhani ni ya tangu enzi. Iliwekwa matangani kwa mama yangu, baina ya wazee wawili wenye maneno makali.

Kikao kilipokaa, mwenyekiti aliita Nambudi. Nikasimama. "Eneo lipo," nikasema, nikakaa. Mama Hilda aliwageukia wenzetu wa nyuma. "Leo ndiyo katoa hotuba."

Kazi ya mtaro mnaijua kwa kusimuliwa. Kila kitongoji kilipewa kipande chake, na walichimba kwa majembe ya kupalilia mikorosho, wanaume, wanawake, walimu na wanafunzi wao. Mabomba yaliteremshwa mteremko ule ule wa ndoo, mabegani, kwa nyimbo. Mkorosho wa kwanza uliosimama mahali pa tangi Mzee Likwena aliukata mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, na ulipoanguka alikaa juu ya shina kwa muda mrefu. Nilikaa naye. Alinipa korosho.

Siku ya kufungua maji ikafika. Mhandisi aliwasha pampu bondeni, akatupigia simu kwamba imewaka. Tukangoja. Mama Shaibu, ambaye mkono wake ulikuwa umeunga ukabaki umepinda kidogo, aliwekwa mbele na dumu lake. Koki ikatoa upepo. Ikakohoa. Ikatoa tope jekundu, na mtu akasema alijua tu. Kisha ikanyamaza kabisa, na katika kimya kile nilimsikia Mama Hilda akianza utenzi kwa pua, taratibu, kama afanyavyo njiani. Hajafika ubeti wa pili, maji yakaja. Yalikuja kwa nguvu, dumu likamtoka Mama Shaibu mkononi, yakawamwagikia watoto, yakamlowesha mhandisi aliyekuwa amefika mbio kwa pikipiki. Nawaambieni ukweli, nimewahi kushinda uchaguzi zaidi ya mara moja, na ushindi wote ukiujumlisha haufiki pale. Watu wazima walikuwa wanacheza kwenye tope. Mzee Likwena alikinga kiganja chenye weusi wa korosho, akaonja, akatema kidogo upande wa makaburi ili na wajomba zake wapate, akameza kilichobaki.

"Maji," alisema. Alikuwa kama anayenijulisha.

Baada ya hapo kazi yangu ikawa nyepesi na ngumu. Ngumu kwa sababu kila mwaka nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, chini ya tangi, Wamakua wakinipokezana kwa kipaza sauti changu mwenyewe. Ukubwa jalala, na mimi nilikuwa na siku rasmi ya kutupiwa. Mwaka mmoja walisema, "Mheshimiwa ufunguo wa maji anao. Ufunguo wa zahanati kaumeza?" Nikacheka, halafu nikaenda kuitazama zahanati, nikakuta haijafunguliwa kwa majuma. Mwezi ule ule tulipata muuguzi, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa pale aliitwa Hilda. Mwaka mwingine walinivika barakoa ya kupulizia salfa wakanizungusha uwanjani, kwa kuwa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, ilikuja maua yakishaoza. Niliipeleka hoja barazani nikiwa bado na vumbi la njano masikioni, na msimu uliofuata salfa ilitangulia. Kila nilichokipigania ukumbini nilianza kuchekwa nacho kilimani. Nyani haoni kundule, lazima aonyeshwe, na mimi nilionyeshwa hadharani kwa vigelegele.

Heshima ile ya zamani ilikwisha taratibu. Nikiingia nyumbani kwa watu hawakuinuka tena. "Karibu, nyanyua kigoda hicho, sisi tunabangua." Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo nilikaribia kulia tena. Wakubwa wa mkoa walisikia habari zetu, wakatuma watu wajifunze mfumo wetu wa uwajibikaji. Waliuliza maswali ya vitabuni kwa nusu siku. Mwishowe Mama Hilda akachoka. "Andikeni hivi: tunamcheka." Wakaandika kweli.

Mwaka jana nilitangaza kwamba sigombei tena. Siku ya kusemwa ya mwisho ilikuwa imejaa kuliko zote, nawe Somoe ulikuwepo mstari wa mbele, umeshika daftari. Mzee Likwena alishatutoka, amelala pale pale kwa wajomba zake, hatua kidogo kutoka kwenye koki. Mama Hilda alikuja kwa bajaji kutoka Lupaso, alikorudi kwa ndugu zake, amezeeka, macho yameingia ukungu, mwavuli sasa ni fimbo. Wakamshusha, wakampa kipaza sauti. Nikakaa juu ya ndoo yangu nikajiandaa.

Akasimama. Akanitazama muda mrefu. Watu wakaanza kuchekacheka mapema. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa Diwani, tunakushukuru."

Basi.

Nilikuwa nimesubiri viatu, kitambi, pikipiki, chochote kile. Nikamwona tena yule mtu wa zamani aliyesindikizwa hadi barabarani na kuku wa zawadi. Ilikuwa sheria yangu kutosema neno siku hiyo, lakini nilisimama.

"Mama, usinifanyie hivyo," nikasema. "Niseme!"

Uso wake ukafunguka kwa kicheko, kile cha siku nilipomwomba utani.

"Mmemwona? Kashtuka!" Akageukia watu, sauti imerudi yote, kipaza sauti kinalia. "Huyu Mmakonde wa duka ni bahili! Kashika kata miaka yote hii, hata tabasamu alilitoa kwa kipimo. Betri za kipaza sauti anazianika juani azitumie tena. Suti aliyoingilia ukumbini ni ya marehemu, na ataachia wajukuu. Hata kustaafu kastaafu kimya asije akapika pilau! Bahili kama mama yake, wa kila kitu!"

Kilima kizima kilikuwa kinacheka. Mama Shaibu alikuwa ameshika mbavu. Mama Hilda akangoja mpaka watulie, kisha akatoa mkono mmoja kwenye fimbo akautelezesha hadi kwenye koki, akaifungua kabisa, maji yakaanguka kwenye dumu la mtu wa karibu.

"Isipokuwa hiki," alisema. "Choteni."